Wanawake Ishirini na Watatu wa Kamukuywa

"Ngige, zile fomu za Kamukuywa uliweka wapi?"

Hata salamu hakunipa. Nilikuwa kibandani kwangu mtaa wa Tuwan, Kitale, redio ya mteja imefunguliwa tumbo mbele yangu, simu nimeibana kwa bega.

"Fomu gani?"

"Kwani tuko na ngapi? Zile thelathini uliniendea nikiwa mgonjwa."

"Ziko hapa. Kwa katoni, chini ya meza."

"Asante Yesu. Daktari Kigen amenipigia sai. Ati watahini wanataka kuona fomu zenyewe kabla nitetee tasnifu. Zote sitini. Na zile karatasi za ridhaa."

"Za ridhaa za nini? Si umeshaandika kitabu?"

"Ndio utaratibu, bana. Wanachukua chache, wanaangalia kama watu walikubali kwa hiari yao. Nakuja kesho asubuhi kuzichukua. Ngige? Uko?"

"Niko."

"Mbona umenyamaza?"

"Solda imeniunguza."

Solda haikuwa imeniunguza. Ilikuwa baridi, hata sikuwa nimeichomeka kwa stima. Nilikata simu, nikavuta katoni kwa mguu, nikaiangalia kama mtu anayeangalia nyoka.

Nabwile, huyo wa kwenye simu, ni mwanamke wangu. Tulikuwa tunangoja amalize digrii ya pili ya mawasiliano na vyombo vya habari, halafu niende kwao Bungoma na wazee. Kabla ya masomo alikuwa mtangazaji wa kipindi cha asubuhi kwenye redio moja ya huko kwao. Miaka sita nilimsikia kila siku nikiunga waya, kabla sijamwona uso. Siku aliyoleta kinasa sauti chake kibovu kibandani, akasema tu "Fundi, hii inakwaruza," nilimjua hapo hapo. Mke wangu wa kwanza alikuwa amefariki zamani, binti yangu Gladwell ameshakuwa mtu mzima. Nilitengeneza kile kinasa mara tatu ili arudi mara tatu.

Mimi niliacha shule darasa la saba. Sioni aibu. Lakini ukiwa na mwanamke anayesoma, unatafuta kitu cha kubeba ili na wewe uwe kwenye msafara.

Tasnifu yake ilikuwa juu ya wanawake wa sokoni na redio: kwa nini wanasikiliza, wanamwamini nani, habari wanazifanyia nini. Thelathini wa Chwele, thelathini wa Kamukuywa. Chwele alienda mwenyewe na senge yake, yaani shangazi yake upande wa baba. Kisha taifodi ikamlaza. Kamukuywa mimi naenda kila siku ya soko kuuza redio na tochi za sola, na Kibukusu nimekijua hapo hapo. Nikasema:

"Nipe fomu. Mimi nitauliza, nitaandika. Wewe lala."

"Utaweza?"

"Kuuliza swali ni kazi gani?"

Ilikuwa kazi. Wanawake saba walinijibu vizuri. Wa nane alipoona mahali pa kutia sahihi au kidole, akasimama.

"Wewe Ngige, kumbe ni hii mambo?"

"Mambo gani, mama?"

"Watu walikuja hapa na fomu hivi hivi, wakachukua vidole vyetu. Sai tuko ndani ya chama cha siasa hata hatukijui! Toka na karatasi yako."

Soko lote likanifungia. Nikatembea mpaka viatu vikajaa matope. Hakuna. Nabwile alikuwa ananitumia ujumbe kutoka kitandani: "Umefika wangapi mpenzi?" Nikamjibu: "Naendelea vizuri." Siku ya tatu mvua ikanyesha, nikakaa kibandani, nikachukua biro, nikaanza kujaza.

Ishirini na tatu. Nilizijaza zote mwenyewe.

Mwandiko wangu haukumshtua, kwa sababu ilikuwa kazi yangu kuandika wanachosema wengine. Nilipiga picha kurasa za majibu, nikamtumia kwa simu. Zile karatasi za ridhaa zilibaki kwa katoni. Sahihi za uongo zilinishinda kubuni, nikatumia kidole. Kidole changu. Nilidhani wino ni wino.

Sasa angalia kidole gumba changu cha kulia. Kina kovu la solda, limekata katikati kama barabara. Nilikuwa na wanawake ishirini na watatu wa Kamukuywa, na wote walikuwa na hiyo barabara.

Na si hayo tu. Swali la kumi na nne liliuliza: ni sauti gani ya redio unayoiamini zaidi, na kwa nini? Hapo ndipo niliharibu kabisa. Niliandika Nabwile. Mara ishirini na tatu, bila kurudia maneno. "Anaongea kama mtu amekaa jikoni kwako." "Akicheka asubuhi, hata chai inapata sukari." "Alipoondoka redioni, nyumba yangu ilinyamaza." Yalikuwa maneno yangu. Sikuwa nimewahi kumwambia hata moja.

Yeye akayachukua, akajenga nayo sura ya nne yote. Ati imani ya msikilizaji hubaki na sauti hata mtangazaji akishaondoka. Daktari Kigen, msimamizi wake, alimwambia hiyo ndiyo nguzo ya tasnifu. Nabwile alilia kwa furaha siku hiyo.

"Ngige, kumbe hawakunisahau!"

Niliinama nikafunga kamba ya kiatu.

Kaka yangu Wachira anauza vipuri vya pikipiki mlango wa pili. Nilimwambia yote. Alicheka mpaka akashika ukuta, halafu akaona sicheki.

"Sema panya wamekula," akasema.

"Panya wale karatasi za ridhaa peke yake?"

"Basi sema paa ilivuja. Mwaga maji sasa hivi."

"Bila hizo fomu hawezi kutetea. Na mwisho wa mwezi wa sita muda wake wa masomo unaisha. Akipita hapo anaanza upya."

Wachira akaniangalia chini ya kofia.

"Na akimaliza, wewe una hakika atabaki na fundi redio? Si ni afadhali…"

"Funga mdomo."

Nilimfokea kwa sababu alikuwa ametoa nje kitu kilichokuwa ndani yangu. Nitasema ukweli: kuna siku nilitamani ashindwe. Si kwa ubaya. Nilimwona akilini amevaa joho na mimi niko nyuma ya uzio nimeshika mkoba. Lakini kutamani ni kitu kimoja na kumwagia maji kazi ya miaka minne ni kingine. Niliishika chupa ya maji. Nikayanywa.

* * *

Nabwile alifika saa tatu asubuhi na mkate na uso uliopona. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akavuta katoni mwenyewe.

"Daktari Kigen anasema mtahini wa nje amependa sura ya nne. Ameniambia nisome majibu mawili matatu kwa sauti siku ya kutetea. Hebu sikiza huyu." Akafungua fomu. "'Akisema habari ya asubuhi, najua hata mimi nimehesabiwa.' Ngige, huyu mama ni nani? Unamkumbuka? Nataka nikamsalimie."

Nilisukuma redio ya mteja kando.

"Nabwile, weka hiyo chini kwanza."

"Ngoja. Na huyu, nambari ya kumi na tisa…"

"Weka chini."

Akaweka. Sijui kuzunguka maneno. Nilichukua kile kisahani cha wino cha muhuri wangu wa risiti, nikabonyeza kidole, nikakipiga kwenye karatasi nyeupe. Nikatoa karatasi ya ridhaa ya mwanamke wa kumi na tisa, nikaiweka kando yake. Kisha ya ishirini. Kisha ya ishirini na moja.

Aliangalia kovu kwenye karatasi, akaangalia kovu kwenye mkono wangu. Aliyarudisha macho mara nne.

"Hii ni nini?"

"Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Hao ishirini na watatu ni mimi. Saba ni wa kweli. Wengine walikataa kutia kidole, nikaogopa kukuambia nimeshindwa. Nikajaza mwenyewe."

Redio ya mteja ilikuwa inaimba kwa sauti ya chini. Aliizima.

"Rudia."

"Nilijaza mwenyewe, Nabwile."

"Haya maneno… ya jikoni… ya chai…"

"Ni yangu."

"Hakuna mama Kamukuywa alisema hivi?"

"Hakuna."

Nilitarajia anipige. Ningefurahi angenipiga. Aliokota zile karatasi moja moja, akazipanga pembe kwa pembe.

"Unajua nimetembea vipi tangu Aprili?" akasema. "Nimetembea kama mtu anapendwa na soko nzima. Nikiona mama amebeba ndizi barabarani, nasema moyoni, huyu labda ni mmoja wao. Kumbe nilikuwa nasalimia wewe."

"Nabwile…"

"Ukinipenda ungesema 'nimeshindwa.' Neno moja! Mimi ningeamka na taifodi yangu niende. Sasa zimebaki siku nne nitetee, Baba Gladwell. Siku nne! Nikipeleka hizi mimi ni mwizi. Nisipopeleka sina tasnifu."

Hakuwa amewahi kuniita Baba Gladwell tangu tujuane. Aliniita hivyo kama anavyomwita mtu wa dukani.

"Nitaenda kwa Daktari Kigen, nimwambie ni mimi…"

"Wewe usiende mahali. Umeniendea vya kutosha."

Alibeba katoni kichwani, mtu wa digrii mbili, akashuka nayo barabara ya Tuwan bila kugeuka. Mkate ulibaki mezani. Nilipiga simu mara tisa. Ya kumi iliniambia mteja hapatikani. Wachira alijaribu kwa simu yake, akapokewa, akasema "Shemeji," akakatiwa.

* * *

Siku tatu sikuuza kitu. Mteja aliniletea redio nikamrudishia na spika imegeuzwa. Siku ya nne simu ikalia, nambari ya Senge Nakhungu. Huyo mama anauza maharagwe Chwele, na akiongea na simu hahitaji simu.

"Wewe mtu wa Kitale!"

"Mulembe, Senge," nikamsalimia.

"Mulembe gani? Umefanyia mtoto wetu nini? Hali chakula. Anaongea na ukuta."

"Nimekosa, Senge. Nakubali."

"Najua umekosa, siulizi! Nakupa habari. Alienda kwa huyo Daktari wake, akaweka ile katoni mezani, akasema yote. Daktari alikasirika mpaka akatoka nje kuzunguka jengo. Karibu amfukuze."

"Halafu?"

"Halafu akarudi, akasema kwa sababu amejileta mwenyewe, amempa wiki tatu. Achome sura ya nne, arudi Kamukuywa, atafute wanawake ishirini na watatu wenye pumzi. Ikipita hiyo, imeisha."

Nilikaa chini kwenye redio ya mtu.

"Ameanza?"

"Leo ni siku ya pili tuko sokoni. Ameandikisha sifuri. Wanakimbia fomu kama chanjo. Na wengine wanasema kuna mwanamume alikuja na fomu hizi hizi, ni wale watu wa chama. Huyo mwanamume ni wewe!"

"Senge, soko ijayo ni lini?"

"Keshokutwa. Lakini usije. Akikuona atakuchoma na mkaa ya mahindi."

"Nitakuja."

"Basi sijakuambia," akasema, akakata.

* * *

Nilifika Kamukuywa kabla ya saa nne, na ile spika kubwa ninayouzia redio. Nilimwona Nabwile upande wa nyanya, ameshika fomu kifuani, amekonda, anaongea na mama mmoja ambaye alikuwa anamjibu huku akifunga gunia ili aondoke. Senge aliniona, akajifanya hakuniona.

Niliwasha spika. Ilipiga mluzi, soko likageuka.

"Mulembe! Mnanijua. Mimi ni Ngige wa redio."

"Uza mbio, tuna kazi!" mtu akapiga kelele.

"Leo siuzi. Nimekuja kusema uongo wangu. Mwezi wa nne nilikuja hapa na fomu. Mkakataa. Nikaenda nyumbani nikajaza mimi, nikasema ni ninyi. Nikaweka kidole changu, nikasema ni chenu. Haikuwa ya chama, haikuwa ya siasa. Ilikuwa ya masomo ya yule mama pale, mwenye kitambaa cha kijani. Yeye hakujua. Nimemwambia, na sasa masomo yake inaenda kuanguka kwa sababu yangu. Basi. Nimemaliza."

Mama mmoja mwenye ndizi, jina lake Phelista, akaweka mikono kiunoni.

"Ngoja kwanza. Ati ulikuwa mimi?"

"Labda."

"Na mimi nilisema nini?"

"Ulisema unapenda sauti ya mtangazaji. Ati ikicheka chai inapata sukari."

Soko lilianguka kwa kicheko. Mwanamume wa mbuzi alilala juu ya mbuzi. Phelista alijifuta machozi kwa kanga.

"Mimi na ugonjwa yangu ya sukari! Wacha nikuulize, ulikuwa unavaa rinda ukiandika?"

"Sikuvaa."

"Na hiyo chai sukari ilikuwa yako ama yetu?"

"Ilikuwa yangu, mama."

Hapo wanawake wakaacha kucheka kwa njia moja, wakaanza kucheka kwa njia nyingine, ya watu waliogundua mtu anapenda. Wote waligeuka kumwangalia Nabwile. Alikuwa amekuja mpaka mbele, uso umefura.

"Zima hiyo spika," akaniambia.

Nikazima.

"Mama," akamwambia Phelista, "umesikia. Fomu si ya chama. Unaweza kunijibu?"

"Kujibu naweza. Kidole sitoi. Hata kitambulisho sitoi."

"Sitaki kidole cha mtu. Vidole nimeshiba." Akatoa kinasa sauti, kile nilichotengeneza mara tatu. Akapiga simu, akaiweka kwa sauti ya juu. "Daktari, wanakataa kutia sahihi. Ridhaa ya kusema kwa mdomo, ikirekodiwa, inakubalika?"

Sauti ya Daktari Kigen ilikuwa kavu.

"Inakubalika, mradi uwaeleze kila kitu kwanza na waseme wenyewe. Na Nabwile?"

"Naam, Daktari."

"Yule bwana wa kidole asishike hicho kinasa."

Phelista alivuta kreti, akakaa, akaweka kinywa karibu na kinasa. "Nimeelezwa, nimekubali. Sijashikwa shingo. Uliza."

Nabwile aliuliza. Nilisimama hatua tano nyuma, lakini nilisikia.

"Unafungua redio saa ngapi?"

"Wakati wa matangazo ya vifo."

"Kwa nini wakati huo?"

"Mwanangu, mimi nauza ndizi. Nikisikia mzee fulani amefariki, wanazika Jumamosi mahali fulani, najua watu mia tano watakula huko. Nawapigia wenye mazishi pole, halafu nawauliza wanataka mikungu ngapi. Nikikosa vifo asubuhi, wiki yangu imeharibika."

Nabwile aliinua kichwa. Nilimwona jinsi alivyokaa wima.

"Na wengine hapa wanafanya hivyo?"

"Wote! Muulize wa kabeji. Muulize wa kukodisha sufuria. Ledio ndio inatuambia soko itahamia wapi."

"Na mtangazaji? Kuna yule wa zamani wa asubuhi, Nabwile. Unamkumbuka?"

"Nani?"

"Nabwile."

Phelista alifikiria kwa bidii, kama mtu anayetaka kusaidia.

"Huyo hapana. Ni ndugu yako?"

"Ni mimi."

"Wuui, pole mama!" Akamshika goti. "Mimi nikimaliza vifo nazima, natunza betri."

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini Nabwile alianza kucheka. Kicheko kilikuja na machozi pamoja. Alicheka mpaka akashindwa kushika kinasa, na foleni ilikuwa imeshajipanga nyuma ya Phelista, kila mmoja anataka kusema vifo vyake.

Saa nane kinasa kilianza kukwaruza. Nabwile alikitikisa, akakipuliza. Halafu bila kuniangalia akanyoosha mkono nyuma.

"Njoo uone."

Nilikuja. Waya wa maiki ulikuwa umelegea.

"Umenisamehe?" nikauliza chini chini.

"Sijakusamehe. Shika huo waya, usiongee."

Niliushika mpaka saa kumi na moja. Kidole gumba kilikufa ganzi. Siku hiyo alipata kumi na wanne, na soko lililofuata wote tisa waliobaki.

* * *

Wiki mbili baadaye sikuwa na ruhusa ya kuja Bungoma kwenye utetezi. Nilikuja. Nilikaa kwenye benchi nje ya ukumbi na chupa ya chai. Ujumbe wa mwisho kutoka kwake ulikuwa wa wiki iliyopita: "Sura ya nne imeisha. Usinipigie mpaka nitetee."

Saa nne aliingia. Alinipita kama benchi. Saa tano hajatoka. Saa sita nilisikia sauti ya mwanamume inapanda ndani. Nilisimama, nikakaa. Mlinzi akaniuliza:

"Mzee, una mgonjwa humo ndani?"

"Karibu hivyo."

Saa sita na nusu alitoka Daktari Kigen, mrefu, miwani mkononi. Aliangalia mkono wangu kabla ya uso.

"Wewe ndiye wanawake ishirini na watatu?"

"Ndimi, Daktari."

"Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekufukuza."

"Najua."

"Mtahini wa nje amemuuliza kwa nini alibadilisha sura nzima wiki tatu kabla ya kutetea. Alieleza yote mbele ya watu saba. Ameulizwa maswali magumu sana." Akavaa miwani. "Amepita. Ana masahihisho ya kurasa kadhaa. Hiyo habari ya matangazo ya vifo na biashara ya soko, wanataka aiandikie makala."

Nabwile alitokea mlangoni akiwa ameshika viatu mkononi, amechoka kama mtu aliyelima. Alikaa kwenye benchi, akamimina chai yangu, akanywa yote.

"Haina sukari," akasema.

"Niliogopa kuweka."

Akatoa kinasa kwa mkoba, akabonyeza, taa nyekundu ikawaka.

"Jina lako?"

"Nabwile, tafadhali…"

"Jina."

"Ngige."

"Unakubali kujibu kwa hiari yako? Hujashikwa shingo?"

"Nakubali."

"Ulipomaliza zile fomu, ulijisikiaje?"

Hapa hapakuwa na wanawake wa kujificha nyuma yao.

"Nilijisikia nimekusaidia. Halafu nikaogopa. Halafu ukafurahi, nikashindwa kurudi nyuma. Na kuna siku nilitamani uanguke, ili usinipite."

Alinigeukia haraka. Taa bado inawaka.

"Hilo hukuniambia."

"Nakuambia sasa."

"Swali la kumi na nne," akasema polepole, sauti imebadilika. "Ni sauti gani unayoiamini zaidi, na kwa nini?"

"Yako. Kwa sababu ulienda kwa Daktari na katoni kichwani wakati ungeweza kunyamaza."

Alizima kinasa. Aliinama, akavaa kiatu kimoja, akakiacha kingine.

"Siku nyingine ukishindwa?"

"Nitasema nimeshindwa."

"Sema tuone."

"Nimeshindwa, Nabwile. Wiki hizi zote nimeshindwa."

"Sawa," akasema, akaegemea bega langu, kiatu kimoja mguuni. "Senge anauliza utakuja lini kwa Papa na wazee wako. Na usije na spika."

* * *

Tulienda Agosti, mimi, Wachira na wazee wawili wa kwetu. Babake Nabwile, mzee Mukhisa, alikuwa karani wa chifu miaka mingi, na mambo yake ni ya maandishi. Mazungumzo yalipoisha, wazee wakakubaliana, yeye akaandika makubaliano kwa mkono wake, akayasoma kwa sauti, kisha akatoa kwenye droo ya meza kisahani cha wino cha zamani.

"Anayetaka atie sahihi," akasema. "Asiyetaka, kidole kinatosha."

Wachira alianza kukohoa. Mlango wa jikoni ukafunguka kwa kishindo, Nabwile akatoa kichwa.

"Papa, ficha hiyo wino!"

"Kwa nini?"

"Huyu atie sahihi. Kidole hapana!"

Senge Nakhungu alicheka huko jikoni mpaka sufuria ikaanguka. Mzee Mukhisa hakuelewa, lakini alifunika wino, akanisukumia biro.

Niliandika jina langu lote, Ngige wa Munene, herufi kwa herufi, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Nabwile alikuja akasimama nyuma yangu. Aliinama, akalisoma lote kwa makini.

"Hiyo ni yako," akasema.